Hiace iliyotetemeka kati ya 68 na 78

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya kizazi kilichoanza kutoka mwaka 2004, injini ya dizeli ya lita 2.5, giaboksi ya mkono yenye gia 5, matairi ya 195R15. Inabeba abiria kati ya Morogoro na Dumila. Malalamiko ya dereva yalikuwa mafupi: ikifika kilomita 68 kwa saa sakafu inaanza kutetemeka, kwenye 72 inakolea mpaka kioo cha kati kinaonyesha magari mawili mawili, ikivuka 78 inatulia kama haikuwa yenyewe. Ingekuwa gari la nyumbani, mtu angezoea kuikimbia hiyo spidi, aidha chini yake au juu yake. Gari la abiria halina pa kukimbilia. Sheria inalifunga kwenye 80 nje ya makazi, na siku nzima linashinda humo humo kati ya 65 na 80.

Lilipofika gereji lilikuwa limeshakula hela. Matairi mawili mapya ya nyuma, balansi ya matairi yote manne kwenye vituo viwili tofauti, alaimenti, shokapu za mbele, kisha mauntini za injini, ile mipira inayoishikilia. Ukiitazama orodha hiyo unaona kila aliyeligusa gari alibadilisha kile anachokiuza au anachokizoea. Mwenye gari, mama wa makamo anayeendesha biashara yake kwa daftari, alikuja mwenyewe na akaanza na hili: "Fundi, mwanangu, mimi sibadilishiwi tena kitu. Niambie kwanza ni nini." Natamani wateja wote waingie gereji na sentensi hiyo.

Kabla ya kushika spana

Mtetemo wa gari una mabwana watatu na lazima ujue anamtumikia yupi: spidi ya barabara, mzunguko wa injini, au breki. Wa breki ni rahisi kumjua, unatokea mguu ukiwa kwenye pedeli na unaondoka ukiuinua; hapo unaangalia diski na dramu. Wa injini utauona hata gari limesimama, ukikanyaga mafuta mpaka mzunguko ule ule wa injini. Wa barabara hajali uko gia gani, spidi ikifika naye kafika.

Swali linalofuata ni unasikika wapi. Mtetemo wa matairi ya mbele mara nyingi huja mikononi, usukani unacheza kushoto na kulia. Wa nyuma, au wa kitu kinachozunguka katikati ya gari, unausikia kwenye siti na nyayoni. Dereva alisema usukani umetulia kabisa. Konda akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: wanaolalamika sana ni abiria wa siti ya pili, wale wa nyuma kabisa wanasinzia bila shida. Makonda wanajua mengi kuhusu gari kuliko tunavyowapa nafasi ya kusema.

Halafu lilianza lini? Dereva: "Tangu tufunge matairi mapya." Konda: "Hapana bro, ilianza tulipotoka kwenye klachi." Wakaanza kubishana. Daftari la mama likatupa siku zenyewe. Klachi ilifanywa Jumatatu, matairi yalifungwa Jumamosi ya wiki ile ile, na kati ya siku hizo mbili gari lilikuwa barabarani. Kwenye mstari wa Jumatatu palikuwa na maandishi haya: klachi seti, senta beringi, ufundi.

Klachi ya Hiace haitoki bila kuiondoa propela, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma. Na senta beringi, ile beringi ya katikati inayoishika propela ya vipande viwili, haibadiliki bila kuzitenganisha sehemu ambazo kiwandani zilifungwa na kubalansiwa pamoja. Mpaka hapo nilikuwa na mshukiwa, ila mshukiwa wa kwenye daftari hafunguliwi bolti. Matairi nayo yalikuwa yamefungwa wiki ile ile, na tairi jipya lenye kasoro lipo.

Barabarani

Tuliipeleka barabara ya Dodoma, ukishaiacha Kihonda, asubuhi magari yakiwa machache. Niliketi siti ya pili, dereva akaendesha.

Kwanza 72 kwa gia ya 5. Injini ilikuwa karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, sakafu inatetemeka. Kisha 72 ile ile kwa gia ya 4, injini ikapanda mpaka kama 2,350, sakafu inatetemeka vile vile, haikuongezeka wala kupungua. Hapa pana mtego kidogo. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii gia ya 4 ni moja kwa moja, yaani injini na propela zinazunguka sawasawa. Ukijaribu kwa gia ya 4 peke yake huwezi kuzitenganisha, chochote utakachokisikia kinaweza kuwa cha huyu au cha yule. Gia ya 5 ndiyo inayozitenga, kwa sababu hapo propela inaitangulia injini.

Kisha jaribio la kuliacha gari lishuke lenyewe: panda mpaka 80, weka nyutro, liache lipungue. Kwenye 77 hivi mtetemo ukaingia, kwenye 72 ukakolea, kwenye 67 ukatoka, na muda wote huo injini ilikuwa sailensa tu, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Injini, klachi na mauntini zikafutwa kwenye orodha papo hapo. (Jaribio hili lifanywe mahali tambarare na peupe, na ufunguo usiguswe. Wapo wanaozima injini kabisa ili "wasikie vizuri". Ukizima, usukani unakuwa mzito, breki inapoteza msaada wake, na ukiuzungusha ufunguo kupita kiasi usukani unaweza kujifunga.)

Kukanyaga mafuta kwa nguvu au kuachia hakukubadilisha kitu, na dereva alisema likijaa abiria au likiwa tupu ni yale yale. Hilo nalo lina maana. Hiace nyuma inakalia springi za majani. Ukijaza abiria, mwili unashuka, difu (giaboksi ya ekseli ya nyuma) inakuwa juu zaidi kulinganisha na bodi, na pembe za propela zinabadilika. Mtetemo unaotokana na pembe mbaya, au na krosi iliyolegea (krosi ni kiungo kinachoiruhusu propela kupinda), kwa kawaida hubadilika na mzigo au na mguu wa mafuta. Huu haukujali.

Tukabaki na vitu viwili tu vinavyozunguka kwa kufuata spidi ya barabara: matairi pamoja na vinavyoyashika, na propela.

Kuhesabu

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, tunaanza kubadilishana vitu mpaka kimoja kigome. Lakini tairi na propela hazizunguki kwa kasi moja, na tofauti yao ni kubwa mno kufichika. Unachohitaji ni chaki, futi kamba na simu.

Chaki: weka alama kwenye tairi na nyingine chini ardhini zikiwa zimekutana, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, pima umbali. Tulipata mita 2.1. Spidi ya 72 ni mita 20 kwa sekunde kamili. Gawanya 20 kwa 2.1, tairi linazunguka mara 9 na nusu kila sekunde.

Kwa propela unahitaji kujua uwiano wa difu. Ukiinua nyuma yote na ukayazungusha matairi yote mawili pamoja mzunguko mmoja, unahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ukiinua upande mmoja tu, zungusha tairi hilo mara mbili, kwa sababu difu ya kawaida inagawanya mzunguko: tairi moja likisimama, mzunguko mmoja wa jingine unaipa propela nusu tu. Tulipata mara 4 na kipande kidogo, ambayo niliichukua kuwa 4.1. Zidisha na 9.5, propela kwenye 72 inazunguka mara 39 kwa sekunde.

Kwa hiyo tairi lenye uzito upande mmoja litapiga mara 9 au 10 kwa sekunde. Hiyo ni mipigo ambayo mwili unaihisi mmoja mmoja, gari linadunda, mashavu yanacheza. Propela iliyokosa balansi itapiga mara 39, na hapo huhisi tena mapigo, unahisi ganzi ya miguu na mlio wa kuvuma wa chini chini. Krosi za propela zenyewe, zikifungwa bila kulingana, zinapiga mara mbili kwa kila mzunguko, yaani 78.

Nikiwa nimeketi siti ya pili nilichokisikia kilikuwa ganzi na mvumo. Nyayo ni kipimo kizuri, ila nyayo hazimridhishi mwenye daftari. Kuna programu za simu za bure zinazosoma kile kifaa cha ndani ya simu kinachotambua mwendo na kuchora mchoro wa mapigo kwa sekunde. Unailaza simu sakafuni, juu ya chuma kitupu bila zulia, unaibana isicheze, unashikilia spidi moja. Simu niliyotumia inachukua vipimo 100 kwa sekunde, na simu ya namna hiyo haiwezi kuona kitu kinachopiga zaidi ya mara 50. Tena kitu cha mapigo 78 inaweza kukuonyesha kwenye 22, ukaanza kutafuta jini ambalo halipo. Kwa hiyo ukiona namba isiyolingana na chochote kinachozunguka kwenye gari, iulize simu kabla ya kuliuliza gari.

Mchoro ulitoka na mnara mmoja mrefu kwenye 39. Pembeni kulikuwa na kilima kidogo kwenye 9 na nusu. Kwenye 22 hapakuwa na kitu.

Mama alitazama simu, akatazama namba tulizoandika kwa chaki ukutani, akasema: "Kwa hiyo matairi yangu yalikuwa mazima." Karibu yote, nikamwambia, maana kile kilima kidogo kilikuwa ni cha tairi mojawapo na kilikuwa na mwenyewe.

Kwa nini wote walikimbilia matairi? Kwa sababu mara nyingi ni matairi kweli. Msimu wa mvua, barabara za kuingia vijijini huko Kilosa na Dumila zinajaza udongo mzito ndani ya rimu, unakauka upande mmoja, na gari lililokuwa zima jana linatetemeka leo. Dawa yake ni ndoo ya maji na brashi. Kuna tairi lililotoa nundu, kuna rimu iliyopigwa shimo, kuna tairi lililokaa dukani miaka mingi (tarakimu nne za mwisho ubavuni zinakuambia wiki na mwaka lilipotengenezwa, 2318 ni wiki ya 23 ya 2018). Yote haya yaangaliwe kwanza, ni bure. Nati za matairi zilizolegea ndizo za kuangaliwa kabla ya yote, hapo hapo barabarani, kwa sababu hizo hazisubiri gereji. Ila ukishabalansi mara mbili kwenye mashine mbili na hali ni ile ile, kubalansi mara ya tatu ni kumlipa mtu akuambie jibu lile lile.

Nguvu ya kitu kilichokosa balansi inakua kwa mraba wa kasi ya mzunguko, na hapo ndipo propela inapoidhulumu tairi. Chukua gramu 20. Zibandike kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15: kwenye 72 zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu. Gramu hizo hizo zibandike kwenye bomba la propela lenye nusu kipenyo cha sentimita 3 na nusu, mahali padogo mara tano na zaidi: zinavuta kwa zaidi ya kilo 4, na zinavuta mara 39 kwa sekunde. Kipande cha chuma ambacho ukikitia mfukoni hukisikii kinatosha kuwatoa abiria usingizini.

Juu ya stendi

Nilitaka kulitoa tairi kwenye kesi moja kwa moja, bila mahesabu. Ekseli ya nyuma ikawekwa juu ya stendi, stendi zikiwa chini ya ekseli yenyewe na si chini ya chesisi, ili springi zibebe gari kama kawaida na pembe za propela zisibadilike. Matairi ya mbele yakatiwa kabari mbele na nyuma. Matairi ya nyuma yakatolewa yote mawili, dramu zikabanwa kwa nati zake zisichomoke. Hakuna mtu chini ya gari, hakuna mtu pembeni ya dramu, na hakuna kukanyaga breki kwa fujo.

Dereva akaingiza gia, akapanda taratibu mpaka dashibodi ikasoma 72. Gari lisilo na matairi ya nyuma likatetemeka sakafu ile ile, siti ile ile ya pili. Konda alicheka kwa sauti. Yalikuwa mabishano yake na dereva yaliyokuwa yanaamuliwa.

Injini ikazimwa, tukaingia chini. Krosi zote zilikuwa zimekaza na zinageuka laini, hazina mchezo wa juu na chini wala wa kuzunguka. Geji yenye sindano ikawekwa kwenye bomba la kipande cha nyuma, propela ikazungushwa kwa mkono. Sindano haikufika nusu milimita, kwa hiyo bomba halikupinda. Vipande vya uzito vilivyochomelewa kiwandani vilikuwepo, na hapakuwa na mahali palipoachwa na alama ya kuchomelewa bila kipande. Senta beringi ilikuwa mpya, mpira haujachanika, ingawa ulikuwa laini ukiusukuma kwa kidole gumba kuliko nilivyouzoea kwenye ya kiwandani.

Yoki, zile uma zinazoshika krosi, zilikuwa zimelingana. Hili lilinisimamisha kidogo, kwa sababu kosa linalojulikana zaidi la kurudisha propela ni kuzifunga yoki zisikabiliane. Aliyefanya klachi alilijua hilo na alilizingatia, apewe haki yake. Tena hata simu ilikuwa imeshasema: kosa la yoki lingepiga 78, sisi tulikuwa na 39.

Nikafuta flenji ya kati, zile sahani za bolti zinazounganisha vipande viwili vya propela, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kwenye ukingo wa flenji ya mbele palikuwa na doa la rangi ya njano, dogo kama punje ya mahindi, limefifia. Kwenye flenji ya kipande cha nyuma lilikuwepo doa jingine kama hilo. Yalikuwa yanatazama pande mbili zinazopingana, moja juu na jingine chini.

Flenji ile ina bolti 4. Ukiigeuza nusu mzunguko inafunga vizuri kabisa, na yoki zinabaki zimelingana kwa sababu yoki iliyogeuzwa nusu mzunguko haina tofauti na ilivyokuwa. Kwa macho hakuna kosa. Lakini propela ya vipande viwili hubalansiwa ikiwa imekamilika. Hakuna flenji iliyo katikati kamili wala bomba lenye unene sawa kila upande. Kiwandani kasoro ya kipande cha mbele na ya kipande cha nyuma zinawekwa zikabiliane, zinafutana, halafu kinachobaki ndicho kinachotiwa uzito mdogo wa kuchomelea. Doa la rangi ndilo linalosema hivi ndivyo zilivyokuwa. Geuza kipande kimoja nusu mzunguko, na kasoro zilizokuwa zinafutana sasa zinasaidiana. Kama kila moja ilikuwa gramu 15, ulikuwa na sifuri, sasa una 30.

Swali la mama lilikuwa hili: mbona basi kwenye 80 inatulia, kama nguvu inaongezeka na kasi? Ni swali la haki. Propela inaning'inia kwenye mpira wa senta beringi, na mpira na chuma kilichoning'inia vina mdundo wao wa asili, kama mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa wakati wake anapaa, ukimsukuma haraka zaidi ya mwendo wake hapandi hata ukitumia nguvu. Kwenye gari hili mdundo huo uliangukia karibu na 39. Ndiyo maana fundi aliyefunga klachi alipolijaribu mjini kwa 50 hakusikia kitu, na dereva aliyelichukua akiwa na haraka hakusikia mpaka alipotoka mjini.

Kurudisha na kusafisha kilichobaki

Bolti 4 zikatolewa, kipande cha nyuma kikageuzwa nusu mzunguko, madoa yakakutana, bolti zikarudi. Nati kubwa ya katikati ya senta beringi ilikuwa ile ya zamani, imetumiwa tena. Ile hukazwa halafu ukingo wake hugongewa kwenye mfereji ili isilegee, na ukingo uliokwisha kugongwa ukanyooshwa hauaminiki. Ikawekwa mpya na kugongewa. Ikilegea hiyo mwendoni, mtetemo unakuwa ndio msiba mdogo.

Barabarani tena, kwa gia ya 5. Dereva alipita 72 akaendelea mpaka 78, akarudi 72, akageuka nyuma kunitazama. Kwenye simu mnara wa 39 ulikuwa umeshuka mpaka kama robo ya ulivyokuwa. Robo inayobaki abiria hawaisikii, ila mimi niliisikia kwenye soli, na siyo vizuri kwa beringi yenye mpira laini.

Kuna mbinu ya zamani ya klipu za hosi, ambayo fundi yeyote mwenye subira anaiweza. Unagawanya bomba la propela karibu na difu kwa chaki, sehemu nne. Unafunga klipu mbili vichwa vyake vikiwa sehemu ya kwanza, unajaribu. Unazihamishia sehemu ya pili, unajaribu, hivyo hivyo mpaka ya nne. Sehemu moja itakuwa mbaya kuliko zote na ile inayoikabili itakuwa nzuri. Kwenye ile nzuri unavitenganisha vichwa vya klipu mbili kidogo kidogo mpaka mtetemo unapokuwa mdogo kabisa. Hapa tulipata mahali ambapo mnara wa 39 ulizama ukalingana na fujo ya kawaida ya barabara.

Mama alitaka klipu zibaki hapo milele, kwa kuwa zimefanya kazi na ni bei ya soda. Nilikataa, kwa sababu klipu ya hosi inalegea kwa joto na matope. Tukakubaliana ziende na gari mpaka siku yake ya mapumziko, halafu propela nzima, vipande vyote viwili vikiwa vimefungwa pamoja na alama zake, ipelekwe Dar es Salaam kwenye mashine ya kubalansi propela. Ukipeleka kipande kimoja kimoja unapoteza nauli. Kabla ya kuitoa niligonga alama kwa patasi kwenye kila kiungo: mbele, kati na difu, kwa sababu rangi na chaki vinafutika. Kwenye mashine walichomelea vipande vidogo viwili upande ule ule zilipokuwa klipu, na zile klipu zikarudi na konda mfukoni.

Kilima cha 9 na nusu kilikuwa cha rimu ya nyuma kushoto. Tulipolipeleka tairi hilo mbele, mtetemo mdogo ukahamia kwenye usukani, na geji ikaonyesha ukingo wa ndani wa rimu umelala kwa zaidi ya milimita 2. Mashine ya balansi haioni hilo. Inahesabu uzito na inaweza kukuandikia sifuri kwenye rimu iliyopinda. Rimu ikabadilishwa kwa nyingine iliyotumika lakini imenyooka. Tairi jipya likabaki lile lile, halikuwa na neno.

Mauntini za zamani konda alikuwa bado anazo chini ya siti ya mwisho. Zilikuwa nzima. Mama aliziandika kwenye daftari upande wa spea zilizopo. Gari likiendeshwa 90 likiwa tupu bado lina mvumo mwembamba kutoka nyuma, ambao ni wa meno makubwa ya yale matairi mapya, na unapungua yanavyolika. Tumeuacha, gari la abiria kwenye 90 halina kazi.